Mama Kenya Aliyekataa Kupanda Meza

Mwalimu Bilha Wabwile anastaafu tarehe 30 Aprili 1997 baada ya kufundisha Historia miaka thelathini: kumi na mitatu Bungoma, mingine yote hapa kwetu Kitale. Mimi ni wa Jiografia, somo ambalo yeye huliita Historia iliyolala usingizi.

Wanafunzi wake wote wanawajua wale wanawake waliochorwa kuwa sura ya nchi zao. Britania na ngao yake, aliyebuniwa na Warumi walioiteka nchi, kisha wenyeji nao wakamtia kwenye sarafu. Marianne wa Ufaransa na kofia nyekundu. Germania na upanga. Akishawachora ubaoni, Mwalimu aliongeza kwamba mataifa hayo yalimpandisha mwanamke juu ya mnara huku wanawake wenyewe wakinyimwa kura. Ufaransa ilingoja hadi 1944. Hapo hata waliosinzia waliamka.

Kila siku ya wazazi, Kidato cha Tatu kiliwaigiza wanawake hao, kila mmoja amesimama juu ya meza ya bwalo. Vifaa niliachiwa mimi. Kofia ya chuma ya Britania ilikuwa sufuria, na mkuki wake uma wa nyasi kutoka mashamba ya Endebess. Mwaka wa 1988 sufuria ilimkwama Britania kichwani, ugali ukachelewa, na shule nzima ikajua wa kulaumiwa.

Mwaka wa 1992 haukuwa na kicheko. Vijijini watu walikuwa wamepigana kikabila, na wasichana wa mlimani na wa Bungoma wakaanza kula kila kundi kando. Wazazi wakauliza Mama Kenya, anayefunga maonyesho, atavaa nguo za kabila gani. Mwalimu mkuu akataka yafutwe. Mwalimu Bilha akamjibu kwamba darasa lisiloweza kusimama pamoja nusu saa halitafika Kidato cha Nne pamoja. Akamchagua Chepkemei wa Kapsokwony, huko mlimani, ambaye nyumba yao ilikuwa imechomwa, akamwachia avae atakavyo.

Chepkemei alikuja na sweta ya shule, leso kiunoni na beseni la mahindi. Tukamwonyesha meza yake.

“Mwalimu, kwetu mama hapandi meza,” akasema. “Meza ni ya chakula.”

Akaketi sakafuni, akanyoosha miguu, akaanza kupukuchua. Sote tulimtazama Mwalimu Bilha, tukitarajia amwamuru apande, lakini hakumwamuru.

Sasa huku kwetu, uwe wa mlimani au wa Bungoma, ukimkuta mtu anapukuchua huwezi kusimama tu ukimtazama. Edah wa Sirisia, upande wa Bungoma, aliyekuwa Britania, alivua sufuria, akashuka, akachukua hindi. Marianne akafuata. Kisha akina mama wakaanza kutoka kwenye viti vyao, wa upande huu na wa upande ule, wakikunja mikono ya nguo. Mgeni rasmi akaniuliza kama hayo yamo kwenye ratiba. Nikamwambia yamo.

Jioni ile kila msichana aliketi kula popote alipopata nafasi. Mwaka uliofuata darasa zima lilifanya mtihani wa Kidato cha Nne hapa hapa, hakuna aliyehamishwa.

Mwalimu Bilha, asante kwa yote, hata kwa masimango. Uende kwenu Sirisia salama. Tunakuombea afya, mvua inayokuja kwa wakati wake, na majirani wasiochoka kubisha hodi.