Mzee Aliyenibeba Bila Kunitazama

Bwana Yesu asifiwe, wahitimu wenzangu! Mbona mnaitikia kama watu mlioshiba? Hebu tena: Bwana asifiwe sana! Haya, sasa nimewasikia.

Kwa wasionifahamu, naitwa Damari. Ni daktari wa kituo cha afya huku huku Rungwe, na ni mke wa Lusajo, yule bwana shamba wa maparachichi aliyekaa karibu na mlango. Tulikutana chuoni, kwenye kwaya, ingawa yeye hajui kuimba hadi leo. Mimi ni Mgogo. Nimezaliwa mahali ambapo wingu likipita watu hutoka nje kulitazama, halafu Mungu akanipa mume wa Tukuyu, mahali ambapo nepi za mtoto hukaushwa jikoni kwa moto.

Ndugu zangu, tangu asubuhi tumekuwa tukisimama mmoja mmoja kueleza Mungu ametufikisha wapi. Tumemsikia Neema, aliyekuwa akilia chuoni akikosa chai, leo ni hakimu na watu wanasimama akiingia. Elia anatuamsha kila siku kwa sauti yake redioni. Lugano amekuwa mchungaji, na sisi tuliosoma naye tunajua huo ni muujiza unaojitosheleza. Wapo wahandisi wa maji, wapo watu wa benki, wapo wakuu wa shule. Yupo Dk. Gwakisa, daktari wa upasuaji, mtu wa maneno machache. Na mimi nilipotajwa mlinipigia makofi, nikashukuru. Halafu mwenyekiti wa kamati akaniita pembeni akasema, "Dada Damari, tupe ushuhuda wa mafanikio." Mwenyekiti, unisamehe. Nilio nao si huo. Nilio nao ni wa jinsi nilivyotolewa kwenye mauti, na mwanangu akabaki humo.

Lazima kwanza niwaeleze jambo wale mliotoka mbali. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Hawasemezani, hawakai chini ya paa moja, hata jina lake mkwe halitamki. Vijana wa mjini siku hizi wanalicheka jambo hili, wengine wanakula meza moja na wakwe zao bila shida. Lakini baba mkwe wangu kule Masukulu ni mtu wa zamani, na mama mkwe alinifundisha mapema. Nikikutana naye njiani, niingie kwenye migomba, niiname, nigeuze uso mpaka apite. Naye alikuwa na adabu yake. Kabla hajafika mahali nilipo, alikuwa anakohoa kwa mbali ili nipate nafasi ya kujificha. Mwanzoni nilicheka sana, mimi binti wa watu wanaosalimiana mpaka na wapita njia. Baadaye nikaanza kuipenda heshima ile. Tukienda likizo, nilikuwa nakuta mkungu wa ndizi umewekwa mlangoni pa jiko, na kila mtu anajua ni nani ameuweka na ni wa nani. Mzee yule alinipenda kwa ndizi, na kwa kikohozi. Sikuwa nimeuona uso wake sawasawa, lakini sauti yake niliijua, maana ni mzee wa kanisa na ndiye anayeanzisha nyimbo.

Sasa sikieni. Nilikuwa na mimba kubwa, mimba yetu ya kwanza, nimeanza likizo ya uzazi. Lusajo alikuwa safarini Njombe kwa kazi, mimi nikakaa kwa mama mkwe, kwenye nyumba yake ya jiko ambayo mzee haingii. Siku hiyo kulikuwa na msiba Mpuguso, na mnajua msiba wa huku, habaki mtu nyumbani. Wote walikwenda. Mchana nikashuka shambani kuchuma majani ya maboga, simu nimeiacha ndani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na nyingine inakuja.

Maumivu yalinishika ghafla nikiwa njiani kati ya migomba. Hayakuwa uchungu wa kuzaa. Tumbo likawa gumu kama ubao, na damu ikaanza kushuka miguuni. Ndugu zangu, mimi ni daktari. Mwanamke mwingine angekuwa na dakika chache za kutojua, mimi sikupewa hizo. Nilijua kondo la nyuma limebanduka. Nikaweka mkono tumboni nikasubiri mtoto acheze. Nikasubiri tena. Hakucheza.

Hapo ndipo nikasikia kikohozi.

Baba mkwe alikuwa ametangulia kurudi ili akamue ng'ombe. Alikuwa anapanda njia ile ile niliyokuwemo. Mtu mmoja tu katika kijiji kizima, na Mungu amemleta mpaka kwangu! Na mimi nilifanya nini? Nilijificha. Mniulize, daktari mzima, umesoma miaka yote ile, kwa nini hukupiga kelele? Hata mimi nimejiuliza. Mwili ulisikia kikohozi ukafanya ulichozoea. Nilijikokota nikaingia ndani ya migomba, nikageuza uso, nikang'ata kitenge ili asinisikie nikigumia. Naye aliposikia majani makavu yakilia, akajua mkwe yumo humo, akafanya kama mwenye adabu anavyofanya. Akaongeza mwendo akapita. Nilisikia viatu vyake vikienda mbali. Nikasema moyoni, Damari, umekufa kwa adabu.

Ndugu zangu, Bwana ni mwema hata pale tunapokuwa wajinga! Mbele kidogo yule mzee alikuta kapu la mboga limepinduka na kandambili moja kwenye tope. Akasimama. Nilisikia viatu vimenyamaza. Halafu vikarudi polepole, vikasimama karibu, naye akanipa mgongo. Akaanza kuomba.

Mzee yule husali Kinyakyusa. Sala zake zote ni Kinyakyusa. Lakini safari hii alisali Kiswahili, na hapo nikajua anasema na mimi.

Alisema, "Kyala, Mungu wangu, mimi mzee, masikio yangu mabovu. Kama humu migombani yumo mtu wako anaumwa, mwambie apige makofi. Kama hayumo, unisamehe, mimi naenda kwa ng'ombe wangu."

Nikapiga makofi. Mikono ilikuwa na damu, haikutoa sauti ya maana. Akasikia.

Akasema, "Kyala, mwambie ajifunike uso. Mwambie nakuja. Mwambie asinichukie."

Akaja kinyumenyume. Akavua koti lake la msibani akalirusha nyuma yake, nami nikajifunika kichwa. Akainama, akaniambia kupitia kwa Mungu nimshike shingo, akanibeba mgongoni. Mtu mwenye magoti mabovu, kwenye mteremko wa tope, mvua imeanza upya! Alianguka, akainuka. Akaanguka tena. Kila akiinuka alikuwa anabishana na Mungu: "Kyala, huyu mtoto wa watu. Baba yake yuko Dodoma, alinipa akiwa mzima. Mimi nitakwenda kumwambia nini?" Nililia ndani ya koti lile. Lilinuka moshi wa jikoni na mvua.

Barabarani likapita lori la kukusanya majani ya chai. Dereva alinipakia juu ya magunia akageuza moja kwa moja kwenda hospitali. Mzee alipanda pia, akakaa mwisho kabisa wa lori, amenipa mgongo njia nzima huku mvua ikimpiga.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa wenzangu. Waliponipokea nilikuwa nimekaukiwa damu. Gwakisa alinipasua, akamtoa mwanangu wa kiume, ameshakufa. Damu haikukoma, akatoa na kizazi. Damu ya kuniongezea ikawa haitoshi, na Gwakisa, mtu wa maneno machache, akaandika kwenye kundi letu la simu la wahitimu maneno machache: "Damari anakufa. Njooni na mikono yenu." Mkaja! Neema aliacha mahakama. Elia alitoka studio. Lugano alifika na matope ya shambani. Na wengine mliokaa hapa, mlijipanga kwenye benchi mkikunja mikono ya mashati. Sijui ndani yangu kuna damu ya nani na nani. Asanteni. Mungu awakumbuke, mimi sina cha kuwalipa.

Mngependa niishie hapo, tuimbe pambio. Siwezi.

Mwanangu alizikwa Masukulu nyuma ya nyumba nikiwa bado sijazinduka vizuri. Sikumwona. Wanawake walimfunga, mama mkwe akamlaza. Mimi nilirudi kazini tumbo limepona, na ndani hakuna kitu. Nilimkasirikia Mungu, nasema wazi mbele ya wachungaji. Nilikuwa nazalisha wenzangu, nafuta watoto wao, nawawekea kifuani, nawapongeza. Halafu naingia stoo ya dawa, nafunga mlango, nalia nimeng'ata mkono wa koti langu jeupe. Sikuomba. Biblia niliiweka juu ya kabati nikaiacha huko. Lusajo akisema tusali, nilikuwa natoka kwenda kuosha vyombo safi.

Na kule kijijini maneno yalikuwa yanatembea. Walisema mzee amevunja mwiko, amemgusa mkwe, ndiyo maana mtoto ameondoka na tumbo limefungwa. Hawakumwambia usoni. Walisogea tu mbali naye kwenye benchi, kila alipokaa. Baba mkwe wangu naye akaamini. Akaacha kwenda kanisani. Nyimbo akawa anaanzisha mtu mwingine. Wajukuu zake, watoto wa wifi yangu, wakimkimbilia anaweka mikono mgongoni. Anawaambia, "Msinishike. Mikono hii imeua."

Sikuyajua hayo mpaka mama mkwe aliponifuata kituoni na maziwa yake. Alikaa mbele yangu, hakuzunguka. Akasema, "Mwanangu, wewe umelala kaburini pamoja na mwanao. Baba yako naye anajichimbia la kwake. Mimi mwanamke mmoja, nizike wangapi?"

Akaondoka. Nikaingia stoo ile ile, nikafunga mlango ule ule. Sikuwa na maneno mazuri. Nilimwambia Mungu, "Nimechoka kufa. Nitoe." Basi. Na alinitoa, ndugu zangu! Sisemi machozi yaliisha. Leo asubuhi nimelia nikipiga pasi nguo hii. Lakini nilitoka mle stoo. Niliifungua Biblia, nikala chakula nikasikia ladha yake, nikamwita mume wangu kwa jina lake. Mimi niliyekuwa nimekufa natembea, nikawa hai.

Nikamtuma mama mkwe ampelekee mzee ukweli: mtoto alikufa tumboni kabla hujanigusa, baba. Ulichobeba mgongoni ilikuwa ni mimi, na mimi niko hai. Jibu lilirudi. Alisema, "Mkwe wangu ana adabu. Anasema hivyo ili nisiumie."

Mnaona? Heshima yangu kwake ndiyo inayomfanya asiniamini. Sina njia ya kumwambia. Siwezi kusimama mbele yake, na hata nikisimama, atasikia adabu tu.

Ndugu zangu, baba mkwe wangu yuko hapa. Lusajo amemleta asubuhi kwa hila, amemwambia wanakuja kuuza maparachichi. Amekaa nje, kwenye ngazi za ukumbi huu, na mama mkwe yupo pembeni yake. Hawezi kuingia kwa sababu mimi nimo. Nyie mmepita karibu yake mkiingia, mkadhani ni mlinzi.

Wewe uliyekaa hapa na cheo kizuri na moyo uliozikwa, mwamini huyu Mungu. Usimtengenezee maneno. Mwambie umechoka kufa. Anasikia hata makofi ya mikono yenye damu! Ninamshukuru kwa uhai huu, na ninamshukuru kwa yule mzee, na mwanangu niliyemkosa ninamwachia yeye mwenyewe.

Sasa naomba kazi zenu. Gwakisa, wewe ndiye uliyemtoa mtoto. Mwambie baba ulichokiona, kwa maneno machache yako hayo hayo, wewe huna adabu ya ukwe. Lugano, wewe umezaliwa huku, msalie kwa Kinyakyusa. Elia, anzisha wimbo halafu unyamaze, umwachie. Nyie mlionitolea damu, mumwonyeshe mikono yenu. Neema, dada yangu hakimu, umekuja na mtoto mchanga. Najua ninaomba kitu kikubwa. Ukiweza, mweke mikononi mwake.

Mimi natokea mlango wa nyuma. Lusajo, nenda kamwambie baba nimeshatoka, aingie.