Gitaa la Besi Mpaka Saa Kumi

Mama mkwe wangu alinikuta nimepiga magoti mbele ya benchi, gitaa la besi limelala juu yake, na pua yangu imezama pale shingo ya gitaa inapoungana na mwili. Nilikuwa nanusa. Nilinusa kwa bidii, macho nimeyafumba, kama mtu anayekagua maziwa ya jana. Nilipofumbua niliona viatu vyake kwanza, halafu kikapu cha sokoni, halafu uso. "Baba," akasema kwa ule upole unaoumiza, "nyumbani chakula kipo." Akaendelea na njia yake. Nimelala kwenye viwanja vya ndege vya nchi ambazo hata kuzitamka sijui, na niliwahi kupanda jukwaani kutumbuiza harusi ambayo haikuwa imetukodi, lakini aibu ya namna ile sikuwa nimeipata.

Aliyeniambia ninuse ni Fundi Waya, mtengeneza redio. Kijiwe chetu kiko ukutani mwa kinyozi: benchi moja refu, birika moja la kahawa, na duka la Fundi Waya hatua tatu kutoka hapo. Mwenzetu wa benchi, Handibreki, aliendesha malori miaka thelathini, na jina hilo amelipata kwa kuwa kila hoja ya mwenzake huisimamisha ghafla. Kinyozi mwenyewe hunyoa mlango ukiwa wazi, asipitwe na neno.

Shida yangu ilikuwa hii. Gitaa lilikuwa la marehemu mume wa mama mmoja anayeshona sare za shule mtaa wa pili. Bei tulishaelewana. Ila mwenye hoteli mpya naye alilitaka, alitundike ukutani karibu na kaunta kama pambo, kwa hiyo mama alinipa mpaka saa kumi alasiri: nilichukue au nilirudishe. Na kijiweni wakashikilia nisilipe kabla ya kuhakikisha kwamba ni la kale kweli. Na wenzangu watatu wa bendi yetu ya zamani wameshaanza mazoezi tena, hawana besi. Mpiga besi wao, ambaye ni mimi, ana miaka ishirini anauza vigae vya bafuni.

— Umepata harufu gani? akauliza Fundi Waya.

— Ya mkate.

— Mkate mkavu au wa leo?

— Fundi, ni makombo ya chai yangu ya asubuhi. Yamekwama kwenye masharubu.

— Basi hujanusa vizuri. La zamani kweli hunuka shaba. Koili zake, zile nyaya za shaba zilizofichwa chini ya nyuzi, zilisokotwa kwa mkono. Nipe ruhusa nilete bisibisi niitoe shingo, ndani huwa wameandika mwaka kwa penseli.

— Halijawa langu bado.

— Huo ndio wakati mzuri wa kulifungua.

— Simama hapo hapo, akasema Handibreki. Gari halijulikani umri kwa kunuswa. Unatazama pedali. Mita inakwambia kilomita elfu kumi, pedali imelika mpaka chuma, jua unaibiwa mchana. Haya, tazama hapa rangi ilipotoka. Hapa pameegemea kidole gumba miaka hamsini.

— Au msasa dakika tano, akadakia Kinyozi kutoka mlangoni, mashine mkononi, mteja wake amebaki na nusu kichwa. Siku hizi watu wananunua jipya, wanalikwaruza, halafu wanaliuza kama la kale.

— Kumbe mikwaruzo inaongeza thamani? nikauliza.

— Sana.

— Basi mke wangu ana hazina ndani ya nyumba na hana habari.

— Wewe ni chakavu, akasema Handibreki. Chakavu na cha kale ni vitu viwili.

Kahawa ikazunguka. Handibreki akalinyanyua gitaa, akalipima uzito kama anayenunua kuku, akalirudisha.

— Mbao za zamani zina mambo yake, akasema. Niliwahi kubeba magitaa kumi na mawili. Nilipokuwa nateremka mlima yakaanza kuunguruma yenyewe huko nyuma. Yote kumi na mawili, wimbo mmoja.

— Wimbo gani?

— Ningejuaje? Nilikuwa nahangaika na kona.

— Huo ni mtetemo wa injini, akasema Fundi Waya.

— Injini nilikuwa nimeizima.

— Unateremka mlima na lori umezima injini?

— Mafuta yalikuwa yamepanda bei. Usinitoe kwenye mada.

Kinyozi akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayejua zaidi.

— Nyie mnacheka, lakini kifaa kinamjua bwana wake. Mashine ya marehemu mjomba wangu ilinigomea miezi mitatu. Nikiiwasha inakata upande wa kushoto tu.

— Ukafanyaje?

— Nikawa nanyoa upande wa kushoto. Halafu siku moja nikapiga mluzi kama alivyokuwa akipiga mjomba, ikakubali. Na hili ni vivyo hivyo. Limezoea mkono wa marehemu. Wewe utabonyeza huku, lenyewe litataka kwenda kule.

— Samahani, akasema yule mteja. Mimi nitamaliziwa leo?

— Ndugu yangu, subiri kidogo. Tunazungumza mambo ya roho.

Nikiri jambo moja. Ningefurahi wabishane hivyo mpaka magharibi. Maadamu walikuwa wanalikagua gitaa, hakuna aliyekuwa anakagua vidole vyangu.

Saa tisa na nusu mama wa sare akatokea, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Tukasimama wote, tukamwamkia, akaitikia.

— Vipi, mmeamua?

— Mama, tunahakiki kwanza umri wake, akasema Fundi Waya. Unajua, koili…

— Umri naujua. Marehemu alilinunua mwaka niliojifungua mtoto wetu wa kwanza. Mimi nauliza, linaliaje?

Tangu asubuhi tulikuwa tumelinusa, tumelipima, tumeligonga mgongoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyegusa uzi. Handibreki akaanza kuchunguza kikombe chake. Fundi Waya akaingia dukani, akatoka na spika ya mteja fulani na waya mrefu, akaunganisha.

Nikaketi. Nikavuta uzi mnene. Mlio ukapita chini ya benchi, ukapanda miguuni, vikombe vikagongana kidogo. Mteja wa nusu kichwa akatoka nje na shuka lake shingoni. Nikaanza wimbo tuliokuwa tukifungulia nao kila onyesho, na kwa muda kama wa pumzi nne nilikuwa kijana mwenye suruali ya kubana. Halafu kidole cha tatu kikatua pasipo pake, cha nne kikamfuata mwenzake, na gitaa likatoa mkwaruzo kama mlango wa stoo.

— Hapa lina kasoro, nikasema. Labda shingo imepinda.

Nikarudia. Likakwaruza tena.

— Pengine Kinyozi amesema kweli, halinitaki. Mpe tu mwenye hoteli, mama.

Mama wa sare akainama, akaweka kidole chake, chenye alama za sindano, pale pale nilipokuwa nimebonyeza, akavuta uzi kwa mkono wa pili. Sauti ikatoka safi, nene, ikakaa hewani mpaka yeye alipoinyamazisha kwa kiganja.

— Gitaa ni zima, akasema. Mbovu ni wewe. Lichukue, ukafanye mazoezi.