Jinsi Jina la Bevan Lilivyofika Evere

Wapendwa waombolezaji, papa na maman, tonton na tantine, ndugu wote mliotoka Anderlecht, Saint-Gilles, Liège na hata London, kabla sijasoma mstari wa kwanza nasema hivi, yeyote asiyeamini kwamba mzee aliyelala mbele yetu, mweusi kuliko suti tuliyomvalisha, alibeba kwa haki jina la wachimba makaa ya mawe wa Wales, nchi ile iliyobanana na Uingereza, ainue mkono abishe sasa, maana nikishaanza sisimami. Bon, mkono sioni. Ninachoona ni mjomba wangu, tonton Jean-Marie, anatabasamu, na tabasamu hilo nitalifuta kabla hatujafika kaburini.

Mimi ni Crispin, mjukuu wa kwanza, mtoto wa Abigaël, niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na sita na sijawahi kuikumbuka, na familia imenipa kazi hii kwa sababu kwetu mjukuu ni mtani wa babu yake hadi mlango wa kaburi, bibi Claudine akiwa mke wetu sisi wawili, na marehemu mwenyewe alishasema kwamba akisomewa na mtu mwenye adabu atafufuka kwa hasira.

Mmeuona msalaba pale nje, umeandikwa Hilaire, na baada ya hapo mbao tupu, msidhani fundi aliishiwa rangi. Dada wa marehemu, bibi Rolande, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo leo, alisema jina la Bevan halitaandikwa juu ya kaburi la mtoto wa mama yake, watoto wa marehemu wakasema litaandikwa, na baada ya kugombana siku nzima wakakubaliana kwamba historia isomwe kwanza, kisha bibi Rolande aamue. Donc, sikilizeni vizuri, na wewe bibi hasa.

Marehemu Hilaire Bevan Bisimwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Kamituga, Kivu ya Kusini, kwenye machimbo ya dhahabu, akiwa mtoto wa pili wa mzee Noé Bisimwa na maman Julienne, wote wawili wametangulia mbele ya haki. Mzee Noé alikuwa mshika mnyororo wa kupimia, yaani alitembea na mpima mashimo ya kampuni, mzungu mmoja mrefu aliyeitwa Gwilym Bevan, mtu wa bonde la Rhondda, ambako baba yake, babu yake na baba wa babu yake wote walichimba makaa hadi vifua vikajaa vumbi. Watu wa Wales zamani walikuwa kama sisi, jina la ukoo hawakuwa nalo, mtu aliitwa mwana wa fulani basi, na Bevan maana yake ni mwana wa Ifan, ambaye kwetu tungemwita Yohana, mpaka makarani wa Waingereza walipotaka kila mtu awe na jina moja lisilobadilika, ndipo wana wa Ifan mmoja wakabaki wana wa Ifan milele, makaa yakawatawanya Amerika na Australia, na huyu mmoja dhahabu ikamleta Kamituga mwaka 1939.

Mwaka 1947 Gwilym, ambaye masikio yake yalijua sauti ya mwamba kabla haujaanguka, alimvuta mzee Noé nje ya shimo, mwamba ukamkuta yeye, mguu ukavunjika mara mbili, na Noé akakataa rafiki yake alale peke yake katika nyumba ya kampuni, akamchukua kwake, akakaa huko miezi miwili, maman Julienne akimpikia uji na kumbadilishia bendeji mumewe akiwa kazini. Mwaka uliofuata mtoto akazaliwa, Noé akampa jina la rafiki yake, kama ilivyo desturi yetu, na mwenye kupewa jina la mtu ni majina wake, ni yeye mwenyewe katika mwili mdogo, hata Gwilym akawa anapita asubuhi akivua kofia mbele ya kichanga na kumsalimu kama bosi wake, "Bonjour, patron." Midomo ya Kamituga ikafanya kazi yake. "Bendeji hizo zilibadilishwa vizuri sana," walisema, ingawa mtoto alikuwa mweusi kama chini ya sufuria, na hata Gwilym aliporudi kwao mwaka 1950 maneno hayakupanda naye ndege.

Marehemu alisoma shule ya msingi kwa mapadre kuanzia 1954 hadi 1960, kisha akaenda Bukavu kusomea umeme, vita vya 1964 vikamkatiza, akamaliza 1968, akaajiriwa machimboni kulekule Kamituga. Mwaka 1972 serikali ilipoamuru majina ya kigeni yaachwe alifuta Bevan kwenye kitambulisho, lakini wenzake wakaendelea kumwita hivyo kwa kumchokoza, naye, badala ya kukasirika, akaanza kuitika. Alifunga ndoa na maman Claudine tarehe 3 Agosti 1974, parokia ya Kadutu, huko Bukavu walikohamia, wakajaliwa watoto watatu, Abigaël, Aaron na Jean-Marie, ambaye sasa hatabasamu tena.

Vita vya 1996 viliwatoa Bukavu kwa miguu hadi Uvira, wakavuka hadi Bujumbura, na mwezi Februari 1998 wakafika hapa Bruxelles, ambako marehemu alipoulizwa jina ofisini alilitoa lile la zamani likiwa zima, Bevan, kwa sauti kubwa, mpaka karani akamuuliza kama ni Mwingereza. "Non, monsieur," akajibu, "mimi ni Gallois, mtu wa Wales, ila nimekaa juani." Alifanya usafi katika maofisi, halafu akawa fundi wa lifti, miaka kumi na mitatu, na hakuna jengo refu hapa mtaani Evere ambalo hakuwahi kukwama ndani yake. Kila Jumamosi alikuwa Matonge, kwenye baa za Wakongo, na rafiki zake, akiwaeleza kwamba damu ya Wales inatembea mwilini mwake, akinyoosha mkono waione mishipa, nao wakicheka hadi kumwaga bia, naye akifurahi kwamba wanacheka.

Bibi Rolande hakucheka. Mwaka 2009, mbele ya watu, kwenye komunyo ya mjukuu, Aaron mdogo, alimwambia, "Wewe Hilaire, ukisema damu unasema nini juu ya mama? Unauza heshima yake kwa chupa moja?" Naye marehemu, kwa kuwa meza nzima ilikuwa inamtazama, akatania, "Dada, wivu huo wa nini, si kosa langu kama wewe huna damu ya Wales." Tangu siku ile hawakusalimiana tena, yeye Anderlecht, mwingine Evere, na katikati yao metro inayofanya kazi kila siku.

Mwezi Mei 2018 marehemu alisafiri kwenda Wales pamoja na mjukuu wake, akaona kile alichoona, akarudi kimya, yeye aliyeongea hata usingizini, na Matonge hawakumsikia tena akitaja damu.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, akiwaambia wauguzi waangalie wasiitupe ile ya bei ghali. Mwaka huu moyo nao ukachoka, akalazwa mwezi Oktoba, na tarehe 4 Novemba 2025, saa nane mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa maman Claudine, alituacha. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani wa Evere waliopika, mafundi wenzake wa lifti waliobeba sanduku kwa ngazi kwa heshima yake, wanakwaya, na wote mliochanga na kukesha, pamoja na yule maman mzee wa kofia ya kijani, safu ya nne, ambaye wengi mmedhani ametumwa na komini, serikali ya mtaa.

Alors, nimefika mwisho wa karatasi waliyoipitia wakubwa, na sasa naungama kuna kipande nilikiruka, kwa amri ya marehemu.

Kule Rhondda tuligonga mlango mmoja mwekundu tulioelekezwa, maman mwenye umri wangu mara tatu akafungua, babu akaanza ile hotuba yake, kwamba yeye ni damu ya Gwilym. Yule maman akamsikiliza, akacheka kwa upole, akasema, "Hapana. Wewe si damu. Wewe ni Bevan wa Noé. Mimi ni Mair Bisimwa Bevan, baba yangu Gwilym alinipa jina la rafiki yake aliyempokea nyumbani kwake. Umechelewa sana, kaka." Babu akakaa kwenye ngazi ya watu, akalia hadi chai ikapoa.

Ndani ya basi aliniambia, "Crispin, mwanaume hampi binti yake jina la mtu ambaye yeye mwenyewe alimwibia mke. Mama alikuwa safi, na mimi nimemchafua kwa mdomo wangu. Lakini usiseme, watanicheka. Sema nikishalala, Rolande akiwepo." Bibi, alikuja kwako kukuambia. Alibonyeza kengele kule chini, ukauliza ni nani, naye kwa mazoea akajibu, "Ni Bevan," ukakata. Hakuwa na ujasiri wa kubonyeza mara ya pili.

Maman Mair Bisimwa, simama tafadhali na kofia yako ya kijani, wakuone. Bibi Rolande, amekuja kumzika majina wa baba yake, na yeye mwenyewe anabeba jina la baba yako.

Brashi na rangi nyeusi ninazo mfukoni, nangoja mdomo wako tu. Nawe babu, pumzika kwa amani, tumeshasema, na kama wapo wanaocheka, wanacheka na wewe.