Fundi Aliyekuja Bila Kutumwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasimama hapa Dilala, mtaa uleule nilikofukuzwa, na nimekuja na swali ambalo halijaniacha mpaka leo: nani alimtuma baba yule tunayemwita tata Ngoy?

Mimi ni mama Kapinga. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Mimi nilizaliwa hapahapa Kolwezi. Kazi yangu ilikuwa kuwapangia mafundi safari. Mashine ikiharibika huko Mutoshi, niliandika ndani ya kompyuta: kazi gani, fundi yupi, kamyo ipi, yaani lori la kumbeba. Bila agizo langu mlinzi hakufungua lango. Na kazi ilibaki wazi kwenye kompyuta mpaka fundi mwenyewe aseme kwa redio, "Mama, moteri inalia. Funga." Bolti zote zingeweza kukazwa, kama moteri haijalia, hatukufunga.

Kisha mgodi ukaanza kufa. Vipuri vikakosekana, mishahara ikakatika, na watu wakatafuta wa kulaumiwa. Wakatuona sisi wa Kasai. "Murudi kwenu!" Kwetu wapi, ndugu zangu? Nilitolewa ofisini, mwingine akakaa kwenye kiti changu.

Nilijifungia nyumbani na mama yangu mzee, miguu imevimba, hawezi kutembea. Watu wetu walikuwa wamekimbilia stesheni kungoja treni. Kati yetu na stesheni vijana walikuwa wameweka kizuizi cha magogo. Ningemwachaje mama? Ningembebaje? Nililia, "Bwana, huoni?"

Asubuhi nikasikia kamyo mlangoni. Ni tata Ngoy, fundi wa pampu, mtu wa Katanga ya kaskazini, si wa Kasai kama sisi.

"Mama, mupande. Leta na mama muzee."

"Nani amekutuma, tata?"

"Hakuna. Panda!"

Ndugu zangu, mtu yule hakuwahi kutoka langoni bila agizo!

Tukafika kwenye kizuizi. Kijana mmoja akachungulia. "Hawa ni nani?"

"Ba kazi, mafundi wangu," akasema tata Ngoy. "Pampu ya mtaa wenu imekufa. Munataka maji ao hamutaki?"

"Na huyu mama muzee, naye fundi?"

"Huyo ndiye shefu!"

Wakacheka. "Mama, unajua kukaza bolti?"

Mama yangu akamtazama. "Mutoto, mi nimelea watundu kuliko wewe. Bolti itanishinda?"

Wakacheka zaidi, wakaondoa magogo. Haleluya! Midomo ileile iliyotufukuza ilikuwa na kiu ya maji.

Stesheni nikamwambia, "Tata, rudi, watakuumiza." Akatikisa kichwa. "Bado. Sijasikia moteri." Akatengeneza pampu yao, kisha akarudi, na kila siku alikuja na jagi la maji, mpaka treni ilipokuja. Mama akiwa ameketi ndani, nikamwona tata Ngoy amesimama kando ya reli, ametega sikio. Treni ikalia. Akainua mkono, akapaza sauti: "Mama Kapinga! Funga!"

Mimi niliyewatuma mafundi wote, huyu sikumtuma. Sasa nimerudi Kolwezi, na jibu ninalo moja tu. Asante, Yesu!

Wewe uliyeketi hapa na kazi yako bado iko wazi, umetazama mlango mpaka macho yameuma: mwamini. Yeye hafungi kabla hajasikia umeondoka salama.