Siku Kumi na Mbili Alizonyimwa Casimir Wojnar

Jumapili hii, tarehe 31 Agosti 2025, Bwana Casimir Wojnar anastaafu baada ya kuitumikia Klabu ya Besiboli ya Port Harmon kwa misimu arobaini na mmoja. Yote ameitumikia katika chumba kimoja, chumba cha timu ngeni, chini ya jukwaa la upande wa kituo cha tatu.

Watumishi wapya wameniuliza kazi yake ni ipi hasa. Timu ngeni inapofika, lori la mizigo yake hutangulia. Mzee Caz, kama tunavyomwita, hulipokea, hutundika jezi, hupika, hufua na kung'arisha njumu, na mechi za mfululizo zikiisha hupakia kila kitu upya. Ana kisanduku cha kadi, kila mchezaji na kadi yake: huyu hali vitunguu, yule hataki soksi zake zikunjwe, na fulani asisemeshwe kabisa siku ya zamu yake ya kurusha. Wachezaji wengi wa timu pinzani wamekiri kwamba hapa kwetu walipigwa uwanjani lakini hawakulala njaa.

Kadi zile zilitosha kisanduku kimoja hadi mwaka 1997. Kabla ya hapo klabu kubwa ziligawanyika katika ligi mbili, na katika mechi za msimu timu ya ligi moja haikukutana na ya ligi nyingine hadi fainali. Mwaka huo zikaanza mechi za ligi kwa ligi, chache tu. Tangu 2023 kila timu hucheza na kila timu. Mzee Caz sasa ana visanduku vitatu.

Wakumbukao mwanzo wa mechi hizo hawajasahau kijana mmoja mrushaji wa ligi ile nyingine. Kwao mrushaji hakupiga, alipigiwa na mwenzake. Kwetu ilimlazimu ashike gongo mwenyewe. Akaja bila kofia ngumu. Kofia hiyo hufunika sikio moja, lile linaloelekea mpira, kwa hiyo Mzee Caz akamwuliza, "Unapigia upande gani, kijana?"

"Sijui, mzee. Mara ya mwisho nilikuwa shuleni."

"Hujui? Na kula je, unajua unakula kwa mkono gani?"

Wakakisia, wakakosea. Mwamuzi alisimamisha mchezo kwa sababu sikio lililohitaji kinga ndilo lililokuwa wazi. Tulicheka. Kisha kijana akaupiga mpira, akakimbia kama hana akili nzuri, na kabla ya kufika kituo cha kwanza msuli wa paja ukachanika. Msimu wake ukaishia hapo. Mzee Caz alisaidia kumbeba, na aliporudi alikuwa mwekundu usoni. "Mtoto wa watu wamemtuma kazi isiyo yake, ili watu wa televisheni wapate kitu kipya!" Kanuni hiyo ya mrushaji kupiga imerekebishwa. Ilichukua miaka ishirini na mitano.

Haki ya upande wa pili nayo isemwe, maana Mzee Caz mwenyewe huisema. Darnell Fitch alizaliwa hapa mjini, mtaa wa Mill Bottom, lakini alisajiliwa na klabu ya ligi ile, na kwa miaka sita ratiba haikumleta nyumbani hata mara moja. Mwaka 2023 ikamleta. Bibi yake, Lucille Fitch, mwenye umri wa miaka themanini na minane, akafika mlango wa watumishi na pai ya viazi vitamu. Mlinzi akamzuia. Mzee Caz akatoka na aproni yake: "Huyu ni mgeni wangu. Mpishe."

"Bibi, umefikaje huku chini?" akauliza Darnell.

"Kwa miguu yangu. Wewe ndiye uliyechelewa."

Kwa siku ile ninazishukuru mechi hizo. Tena ni kweli kwamba mashabiki wetu sasa huwaona wachezaji waliokuwa wakiwasoma magazetini tu. Lakini siku za msimu hazikuongezwa. Kila mgeni mpya amepewa nafasi ya jirani wa zamani, na jirani yetu ni Calder City, walio maili sitini tu kutoka hapa. Walizoea kuja mara tatu kwa mwaka. Sasa huja mara mbili: mwaka huu Aprili, mvua ikala nusu ya mechi, na tena tarehe 12 Septemba.

Lori la Calder City huletwa na Rufus Ingersoll, mtunza vifaa wao kwa miaka thelathini na minane. Salamu zao tunazijua sote.

"Caz! Bado hujafa?"

"Nakusubiri wewe utangulie, mkubwa wangu. Shusha mizigo, acha domo."

Rufus naye anastaafu msimu huu. Walikubaliana kulipakia lori la mwisho pamoja. Mzee Caz, aliyetimiza miaka sabini mwezi huu, aliomba mkataba wake usogezwe kwa siku kumi na mbili na mechi tatu. Ofisi ya utumishi ilimjibu kwa mistari miwili: mkataba unaisha mwisho wa Agosti, na "ratiba ya mechi si sababu ya kuongeza muda."

Nimefundisha na kueleza mambo maisha yangu yote, lakini jibu hilo siwezi kumweleza mtu. Katika nyumba hii tunaoa, tunazika na kubatiza kwa kufuata ratiba ya mechi. Yeye alimzika mama yake asubuhi, akawahi lori mchana. Leo ratiba si sababu? Wageni wake wa mwisho watakuwa timu ya pwani ya magharibi, ambao walipokuja mara ya mwisho, miaka miwili iliyopita, walimwita "yule wa taulo." Ni aibu, na aibu hiyo si yake.

Mzee Caz hakuniomba niandike haya. Alisema tu, "Rufus ataelewa." Sisi hatukuelewa. Kila mkuu wa idara ana haki ya kuandikisha mgeni mmoja kwa siku katika mlango wa watumishi. Tuko tisa. Kwa tarehe 12, 13 na 14 Septemba, sote tisa tumeandika jina moja, na kanuni hiyo ofisi haina uwezo wa kuifuta.

Asante, Mzee Caz, kwa misimu arobaini na mmoja. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na uzee usio na soksi za watu. Pumziko lako lianze Jumatatu, tarehe 15 Septemba. Ijumaa ile lori linafika saa nne, aproni tumekufulia.