Ndugu Yetu wa Lango la Mionzi

Ndugu waombolezaji, tunaomba utulivu wenu tuwasomee maisha ya ndugu yetu, ambaye wengi mlimwita Mionzi, jina ambalo hakulipenda hata siku moja, ingawa aliitikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, mtoto wa pili wa fundi saa na mkunga, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya stesheni, kisha sekondari ya wavulana, na mwaka 1986 akahitimu stashahada ya fizikia, somo ambalo baba yake hakuelewa litamlisha vipi mtu mzima.

Alifundisha kwa miaka mingi, kisha mwaka 2006 akahamishiwa kituo cha mpakani, kwenye zile nguzo mbili za lango la mionzi, ambazo kila lori hupita katikati yake, ili mtu asipitishe kwa siri madini ya nyuklia. Nguzo hizo huhisi tu mionzi iliyomo kwenye mzigo, zenyewe hazitoi chochote, na hilo marehemu alilieleza harusini, msibani na kwa kinyozi, mpaka akachoka. Mara nyingi kengele ililia kwa sababu ya vigae au mbolea, vyenye mionzi kidogo ya asili, madereva wakamnunia, lakini tarehe 14 Juni 2016 ilipolia tena aligoma kuruhusu lori la vyuma chakavu ambalo wakubwa walitaka lipite, akashusha mzigo wote, akakuta ndani ya injini kuukuu madini ya nyuklia yaliyoibwa. Walimpongeza kwa kumpa mkono, wengine wakiwa na glavu, na tangu hapo alikula peke yake kazini, na majirani, wakidhani mionzi imemwingia, wakawakataza watoto wasimsogelee.

Alifunga ndoa mwaka 1990 na mwalimu wa chekechea, aliyemtangulia mwaka 2012, wakajaliwa binti mmoja. Binti huyo ametuomba tusome na hili, kwamba alipojifungua alimwambia, "Baba, mtoto utamwona dirishani kwanza, akikua kidogo utampakata," naye akajibu, "Sawa mwanangu, sina haraka." Kila Jumapili alisimama barazani akimpungia mjukuu mkono, kisha akarudi nyumbani kwake kupika chai ya mtu mmoja. Hakumpakata, na lilimuuma sana.

Mwezi Januari mwaka huu alianza kuugua moyo, ugonjwa ambao madaktari wamesema hauna uhusiano wowote na kazi yake, akafariki Jumanne alfajiri, wodi namba tatu. Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliomshika mkono bila glavu, wafanyakazi wenzake, na majirani mliofika, hata mliosimama kule getini.

Mwili wake hauna madhara kwa mtu yeyote, lakini tangu asubuhi viti vya mbele viko vitupu, isipokuwa kimoja, alichokalia mjukuu wake wa miaka minne, na mama yake hakumzuia. Tunawaomba msogee.

Pumzika kwa amani, ndugu yetu, tupo karibu nawe.