Gogo la Kuvukia Mto

Leo nilikalia buti ya Probox, gari ya abiria ya kwenda Kiptere. Mbele yangu wamama wawili walikuwa wanapanga Jumamosi, vile watoto wa kanisa watatembea mgongo wa kilima yote mpaka jioni.

"Na mto, mwalimu?" mmoja akauliza.

"Si kuna lile gogo? Watavuka mmoja mmoja."

"Na wewe na huo mwili? Si litavunjika!"

Wakacheka sana. "Labda tupate limeibwa," mwalimu akasema. "Lakini nani anaweza kuiba daraja ya watoto?"

Uso wangu ukawaka. Baba alilibeba juzi. Sasa linashikilia boma yetu ya ng'ombe, hapo kando ya barabara, kila mtu anaona.

"Dere, nishushe hapa," nikamwambia dereva, na kwetu bado ni mbali.